Shahidi Mwenye Trei za Mayai

Jerusa Obonyo alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nusu ya hiyo aliimaliza katika chumba cha kupanga gredi za chai, kwenye kiwanda kimoja karibu na Kiptere. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa ziwa kuchuma majani kwenye mashamba makubwa. Yeye alizaliwa kambini, akaolewa na Alfayo, fundi wa mashine, na walipopata kiploti chao wakajenga nyumba ya mabati yenye dirisha kubwa linalotazama chai ya jirani. Watu wa Kiptere walimjua kwa mambo mawili. Angeweza kuzamisha mkono kwenye gunia la chai akakwambia gredi yake kabla hajaitazama. Tena alikuwa akikusanya vijitu feki vya plastiki.

Vijitu hivyo vilikuwa nakala za Zembaro, yule askari wa chuma mwenye nyota kifuani ambaye watoto wanamjua kutoka kwenye katuni. Zembaro wa kweli huuzwa mjini, katika maduka yenye milango ya vioo. Nakala zake huuzwa juu ya turubai, Roret, Silibwet na kila soko lenye watoto.

Ilianza Opiyo, mwanawe wa pekee, alipokuwa darasa la pili. Jerusa alimnunulia Zembaro wa sokoni, na jioni mtoto akamrudishia.

"Mama, huyu ako na mikono miwili ya kushoto."

Jerusa aliangalia akaona ni kweli. Alicheka, akakisimamisha kile kijitu dirishani. Wiki mbili baadaye akapata kingine chenye mikono sawa, ila nyota ilikuwa mgongoni. Akakinunua pia. Opiyo alikua, akasomea uuguzi, akaajiriwa Nakuru, na mama yake bado alikuwa ananunua. Kila kijitu alikifunga uzi wenye karatasi ya jina la soko na tarehe, kisha akakilaza kwenye trei ya mayai, kila kimoja na shimo lake. Alfayo alimtengenezea rafu za dirishani kwa mbao za paleti, ingawa hakuelewa.

"Watu huweka orijino," alimwambia siku moja akipigilia misumari. "Wewe unaweka uongo."

"Orijino ukiona moja umeona zote," Jerusa akajibu. "Lakini hawa, kuna mtu mahali alikaa akajaribu kumkumbuka Zembaro, akakosea. Mimi nataka kuona alikosea wapi."

Alipotimiza miaka hamsini na miwili alikuwa na vijitu mia sita na arobaini na tatu.

Aliyemuuzia vingi kuliko wengine ni Janeffer Chepkurui wa Roret. Janeffer alikuwa mjane mwenye ng'ombe wawili na robo ekari ya chai, na siku za soko aliuza vichezeo. Akipata kitu kigeni alikificha chini ya turubai mpaka Jerusa afike. Mwaka jana alimwekea kijitu kutoka boksi jipya, kilichoandikwa chini ya unyayo: ZEMPARO.

"Mama Opiyo, huyu ametengenezwa na mtu wetu," alisema akicheka, maana Wakipsigis wengi hutamka b kama p. "Si hivyo ndio mimi nasemanga? Zemparo."

Walikuwa bado wanacheka wakati gari jeupe liliposimama kando ya turubai. Walishuka watu watatu. Aliyekuwa mbele, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu, alijitambulisha kuwa Gekara, afisa wa kukagua bidhaa bandia. Alikuwa na karatasi yenye picha za Zembaro. Aliilinganisha na vichezeo vya Janeffer, kisha akawaonyesha wenzake kwa kidole maboksi yote matano.

"Hizi zote ni bandia, mama. Tunazibeba, na wewe utaandikiwa tarehe ya korti."

Janeffer aliishika leso yake kwa mikono miwili. Jerusa ndiye aliyesema.

"Si zote, mkubwa."

Gekara alimgeukia. "Wewe ni wakili wake?"

"Hapana. Mimi napanga gredi ya chai. Lakini hayo maboksi mawili ya mwisho ni Bingwa wa Chuma. Hiyo ni kampuni ingine na jina lingine. Kufanana na mtu si kuiba jina lake."

"Zina kofia ya mabawa kama ya Zembaro," Gekara alisema, akamwonyesha picha. "Kampuni imesajili hiyo kofia. Kama una la kusema, lisemee kortini."

Hakusema kwa ubaya. Aliandika kila boksi, akampa Janeffer nakala ya orodha, wakaondoka. Jerusa alibaki na Zemparo mkononi. Kilikuwa tayari kimeshanunuliwa.

Siku ya kwanza ya kesi, Janeffer alikuwa amekata shauri kukubali makosa yote ili aende nyumbani akakamue ng'ombe. Jerusa alimkuta nje ya korti ya Kericho akamkalisha kwenye benchi.

"Ukikubali yote, umekubali hata ile haiko," alimwambia. "Na kesho kila mtu wa Roret anayeuza Bingwa atabebewa mali. Kataa kwanza. Tutafute mtu wa kutusemea."

Janeffer alikana mashtaka kwa sauti ndogo, akaachiliwa kwa dhamana, na kesi ikapangiwa tarehe. Mtu wa kuwasemea alikuwa Kipchirchir, kijana wa binamu yake Janeffer, wakili ambaye ofisi yake iko juu ya duka la dawa za mifugo. Aliwasikiliza wote wawili, akamuuliza Jerusa anajuaje kwamba Bingwa si nakala.

"Hiyo kofia ya mabawa Zembaro alianza kuvaa juzi tu, mwaka wa elfu mbili na kumi na sita. Mwanzoni alikuwa na kofia ya duara. Mimi niko na Bingwa mwenye mabawa nilinunua Silibwet elfu mbili na kumi na moja. Haijatolewa kwa kadi yake, ile karatasi ngumu yenye plastiki mbele. Mwaka umechapwa nyuma na waliotengeneza."

Kipchirchir aliweka kalamu chini. "Hiyo ndiyo kesi yetu, mama. Lakini nikuambie ukweli. Ukisimama pale, kiongozi wa mashtaka atakuuliza umejuaje hayo yote, na utasema una nakala mia sita nyumbani. Anaweza kuomba zichukuliwe."

"Sheria inasema nini?"

Alivuta kitabu rafuni, akasoma, akamweleza kwa lugha nyepesi: kosa ni kuwa na bidhaa bandia katika shughuli ya biashara. Anayeuza, anayetengeneza, anayeweka akiba ili auze.

"Mimi naweka kuangalia," Jerusa alisema.

"Basi sheria iko upande wako. Lakini kati ya sheria na wewe kuna watu, na watu hukosea. Siwezi kukuahidi zitarudi."

"Sijaomba uniahidi. Andika jina langu kwa mashahidi."

Alipofika nyumbani alimweleza Alfayo. Mumewe alizitazama trei, safu juu ya safu. "Na wakizichoma?"

"Watakuwa wamekosea, na nitawaambia."

Jambo gumu lilikuwa bado. Wiki moja kabla ya kesi kusikizwa, Jerusa alikwenda kwa Janeffer, akamkuta anapalilia chai. Walisalimiana kwa Kikipsigis, chamge, chamgei mising, kisha Jerusa akasema bila kuzunguka.

"Nitaulizwa maboksi yote matano, si yale mawili peke yake. Yale mawili ya kwanza yana jina la Zembaro na nyota yake. Hizo ni bandia, na nitasema hivyo."

Janeffer alisimamisha jembe. "Kwa hivyo unakuja kunitetea ama kunifunga?"

"Nikidanganya kwa hayo mawili, hawataniamini kwa yale mengine."

"Wewe utarudi kwa mshahara wako wa kiwanda. Mimi nitarudi kwa nini?"

Janeffer akaendelea kupalilia, akiwa amempa mgongo, mpaka mgeni wake akaondoka.

Kwa siku nne hawakusemezana. Jerusa alienda kazini, akapitisha mikono yake kwenye chai kama kawaida, lakini wenzake waliona kwamba hacheki. Ilimuuma kwa sababu Janeffer alikuwa rafiki wa miaka kumi na minane. Hata hivyo hakubadilisha nia. Siku ya tano, Jumapili, Janeffer alikuja mwenyewe akitoka kanisani, akiwa amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Alikaa, akakubali chai, akanywa nusu kikombe kabla ya kusema.

"Nilijua kuhusu hayo mawili. Mtu wa Nairobi aliyeniuzia alikataa kunipa risiti, na mimi sikuuliza mara ya pili. Nilikuwa na hasira na wewe juu ulisema kitu mimi mwenyewe najua." Akasukuma kibuyu mbele. "Sema tu vile iko. Lakini nataka unishike mkono tukiingia."

Waliingia kortini wameshikana mikono. Nyuma yao Alfayo na Kipchirchir walibeba trei ishirini na mbili za mayai zilizofungwa kwa kamba, na watu waliokuwa wakingoja kesi za mipaka na za wizi wa ng'ombe walisogea kuwapisha.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Gekara alitangulia kutoa ushahidi: maboksi matano, picha za kampuni, kofia ya mabawa. Alisema alichokiona, hakuongeza. Kisha Jerusa akapanda kizimbani, akaapa, na Kipchirchir akamwonyesha boksi la kwanza.

"Hii ni bandia," Jerusa alisema. "Jina ni la Zembaro na nyota ni yake, lakini miguu ni mifupi na rangi inatoka ukisugua. La pili ni sawa na hili."

Kulikuwa na mnong'ono. Janeffer aliangalia sakafu, lakini hakutikisika.

"Na boksi la tatu, lililoandikwa Zemparo?"

Kipchirchir alikuwa ametumaini kidogo kwamba jina tofauti lingeliokoa boksi hilo, na Jerusa alijua. Alikigeuza kijitu mara mbili.

"Mimi siwezi kudanganyika na huyu. Lakini mzazi ako na haraka, mvua inakuja, mtoto analia, atachukua akidhani ni Zembaro. Siwezi kusema hiyo ni halali."

Walipofika boksi la nne na la tano, Jerusa alitoa kadi yake ya Silibwet, plastiki yake imekuwa ya njano kwa umri. Karani aliipeleka kwa hakimu, hakimu akasoma mwaka uliochapwa nyuma.

Kiongozi wa mashtaka alisimama. Alikuwa mwanamume kijana, mwepesi, mwenye suti nzuri. "Bi. Obonyo, kadi moja ya zamani haitoshi. Tutajuaje kwamba hizi za kwenye maboksi zilitoka kiwanda hichohicho? Mtu yeyote anaweza kuandika Bingwa."

"Uliza kwapa lake," Jerusa alisema.

"Samahani?"

"Hawa wanamwagwa ndani ya chuma kama mkate ndani ya sufuria. Hiyo sufuria ya Bingwa iko na kidonda. Kila Bingwa, chini ya kwapa la kushoto, ako na kitu kama punje ya wimbi. Huyu wa kadi ako nayo. Unaweza kuiona kwa plastiki. Chukua yeyote kwa boksi la nne, weka kidole. Chukua kwa la tano. Zembaro hana, wa kweli na hata wa uongo. Sufuria ni tofauti."

Hakimu alinyoosha mkono akaletewa vijitu vitatu kutoka boksi la nne na vitatu kutoka la tano. Alivua miwani. Aliweka kidole chini ya kwapa la kwanza, la pili, la tatu, mpaka akamaliza vyote sita. Kisha akampa karani avipeleke kwa kiongozi wa mashtaka, naye akavipapasa. Gekara, kwenye benchi, alinyoosha shingo, na karani alipopita karibu akaomba akapewa kimoja. Alikipapasa akaitikia kwa kichwa polepole.

Kiongozi wa mashtaka hakuwa mjinga. Aliacha mambo ya kwapa.

"Una ujuzi mkubwa, Bi. Obonyo. Umeupata kwa kuwa na bidhaa bandia ngapi nyumbani?"

"Mia sita na arobaini na tatu. Huyu Bingwa nimemhesabu hapo, ingawa yeye si bandia. Niliweka pamoja na wengine juu ya kufanana."

"Na umewahi kuuza hata moja?"

"Sijauza."

"Umewahi kupata chochote kwa kutoa hata moja?"

Kipchirchir alinyanyuka nusu. Jerusa hakungoja amsaidie.

"Ndiyo. Kulikuwa na mwalimu wa Bomet. Yeye alikuwa na Zembaro asiye na pua, mimi nilikuwa na wawili wa rangi ya kijani. Tulibadilishana."

"Kwa hivyo ulifanya biashara."

"Nilimpa wangu, akanipa wake. Kama hiyo ni biashara, basi mimi na jirani tukibadilishana mbegu ya mahindi pia tuko na duka. Lakini hilo si langu kuamua. Umeniuliza, nimekuambia."

Kiongozi wa mashtaka aliomba trei zote zibaki kortini mpaka uamuzi. Hakimu alikubali. Jerusa alishuka kizimbani, akamwelekeza karani namna ya kuzipanga ili za chini zisipondwe, akatoka nje akiwa mikono mitupu. Kwenye ngazi akashika ukuta. Janeffer alimshika upande wa pili.

"Hata mimi ningekuogopa," Janeffer alisema.

Walingoja wiki tatu. Nyumbani rafu zilikaa tupu, na mwanga wa dirishani ukafika hadi ukuta wa nyuma, mahali ambapo haukuwa umefika kwa miaka mingi. Alfayo, ambaye hakuwahi kuvipenda vile vijitu, alisema nyumba imekuwa kama ya watu wanaohama. Opiyo alipiga simu kila jioni kutoka Nakuru. Aliuliza kama yule mwenye mikono miwili ya kushoto naye amebebwa, na mama yake akamwambia ndiyo, ndiye wa kwanza kwenye trei ya kwanza.

"Unajuta?" Opiyo aliuliza.

"La. Nimewazoea tu."

Siku ya uamuzi hakimu alisoma taratibu. Maboksi mawili ya kwanza yalikuwa bandia. Boksi la Zemparo nalo, kwa sababu sheria humwangalia mnunuzi wa kawaida sokoni, si mjuzi, na shahidi mwenyewe alikuwa ameeleza vizuri jinsi mnunuzi huyo angekosea. Hayo matatu yangeharibiwa. Bingwa wa Chuma alikuwa na jina lake, kiwanda chake na kofia yake kabla ya Zembaro kuvaa ya namna hiyo, kwa hiyo maboksi mawili yarudi kwa mwenyewe. Janeffer hakuwa na kosa lolote la awali, na shahidi wake hakuficha lililokuwa baya. Aliachiliwa kwa onyo, na akaambiwa asinunue tena mzigo usio na risiti.

Kisha hakimu akafikia trei. Alisema kuwa mtu anayefunga uzi kwenye kila kijitu, akaandika soko na tarehe, akakilaza dirishani miaka yote hiyo, hajakiweka akiba ili akiuze, na kubadilishana mara moja na mwalimu hakumgeuzi kuwa mfanyabiashara. Zirudishwe zote.

"Zihesabiwe kwanza," aliongeza, "mbele ya mwenyewe."

Karani alihesabu. Zilikuwa mia sita na arobaini na tatu.

Gekara aliwangoja nje kando ya gari lake. Alimsalimu Janeffer kwanza, akamwambia maboksi yake yako tayari na kwamba yeye mwenyewe atayaleta Roret, kwa kuwa ndiye aliyeyatoa huko. Ndipo akamgeukia Jerusa.

"Mama, mimi nimefanya hii kazi miaka tisa na sijawahi kuangalia kwapa. Tukikwama tena na mzigo, naweza kukuita?"

"Niite. Lakini nitasema ninachoona, hata kama si unachotaka."

"Hiyo nimeiona," Gekara alisema.

Juma lililofuata Janeffer alifika Kiptere. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amemuuzia Jerusa vijitu, na hakuwahi kuziona rafu. Alitembea mbele yazo taratibu, mikono nyuma, akisoma zile karatasi ndogo: Roret, Roret, Silibwet, Roret. Mara nyingine aliguna akitambua kimoja kilichopita mikononi mwake. Halafu akavuta kiti.

"Nifundishe," alisema. "Nisipojua mwenyewe, huyo mtu wa Nairobi atanipata tena."

Jerusa alianza na mshono, ule mstari unaoshuka ubavuni pale nusu mbili za kijitu zinapokutana. Akamwonyesha jinsi ya kuupitia kwa ukucha badala ya macho. Baadaye akamfundisha uzito, na harufu ya plastiki mbaya, na nyota: ile ya kampuni ina ncha sita, na wengi wanaoiga huweka tano kwa mazoea. Janeffer alikosea mara nyingi siku ile ya kwanza. Aliporudi mara ya tatu alikuwa anakosea mara chache, na Jerusa akaanza kumchanganyia vijitu kwenye ungo kama wanavyofanya kiwandani wakijaribu wafanyakazi wapya.

Mwezi wa nane walikwenda pamoja Silibwet, kwa muuzaji wa jumla aliyekuwa amefungua karibu na stendi. Muuzaji aliwapangia maboksi manne kaunta, akayasifu yote kwa mkupuo mmoja. Jerusa alisimama kando. Janeffer alifungua la kwanza, akatoa kijitu, akapitisha ukucha ubavuni, akakinusa, akakirudisha. Alifungua la pili, akafanya vilevile. La tatu akalivuta upande wake, la nne akalinusa akalifunga.

"Hii moja nachukua, na uniandikie risiti ya jina langu lote," alimwambia muuzaji. "Hizo zingine rudisha kwa rafu."

"Mama, ni mali moja hiyo, imetoka kontena moja."

"Si moja," Janeffer alisema, tayari akitafuta kalamu kwenye kibeti chake. "Weka kidole hapa, nikuonyeshe."